Kunyamaza Kunakohesabiwa Kuwa Neno



Waingereza wana neno dogo, tacit, walilolitwaa katika Kilatini, na asili yake ni kunyamaza. Hulitumia kwa mapatano yasiyotamkwa wala kuandikwa: mtu ameona, amesikia, hakukataa, basi huhesabiwa kuwa amekubali. Lugha hiyo ilifika Usambara pamoja na serikali yao, tangu mwaka 1916. Wamisionari wa Betheli walioanza kazi Mlalo mwaka 1891 walikuwa Wajerumani. Lakini jambo lenyewe si geni kwetu, wala si geni katika Maandiko.

Someni Hesabu sura ya 30. Mke akiweka nadhiri, na mumewe akisikia akanyamaza, nadhiri imethibitika. Akiitangua baadaye, yeye ndiye atakayechukua uovu wa mkewe. Kinywa hakikufunguliwa, na neno limekwisha kunenwa.

Twalijua hili tutangazapo ndoa kanisani. Watu wakikaa kimya, mchungaji huendelea. Walakini bwana na bibi arusi hatuwafungishi kwa kimya chao. Kila mmoja hujibu kwa kinywa chake. Na iwe hivyo daima, kwa maana msichana aliyeinamisha kichwa mbele ya baba na wajomba huenda ameogopa tu, nasi hatuna ruhusa kuihesabu hofu kuwa ridhaa.

Linalotulemea zaidi ni shamba la mjane. Milimani kwetu ardhi ni haba. Mume akiisha kuzikwa, mara nyingine nduguze huja kuhamisha alama za mpaka. Wazee wa kanisa hupita njia ile ile kwenda ibadani, wameona, hawakusema. Wakiulizwa hujibu kwamba wao hawakutwaa hata hatua moja. Naye Sauli hatusomi kwamba alimtupia Stefano jiwe. Alilinda nguo tu. Lakini katika Matendo 22 ajihesabu mwenyewe pamoja na walioridhia mauaji yale.

Wengine watasema, Je, Bwana wetu hakunyamaza mbele ya Herode? Naam, alinyamaza, lakini shauri lilikuwa lake, na aliyeonewa ni yeye. Mjane hakututuma tumnyamazie.

Basi ninyi walimu, baraza ya mpaka itakapoitwa, nendeni pamoja na wazee. Aliyeziona alama zikihamishwa aonyeshe zilipokuwa kwanza, nduguze marehemu wakisikia, na mjane akiwa ameketi papo hapo.