Litajeni Jina Penye Hakimu

Ndugu zangu wa Elwak, mnaijua barabara ya Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na mji wetu huu, wenye bunduki walisimamisha basi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla, abiria 28 wa basi jingine walikuwa wamechambuliwa hivyo hivyo wakauawa. Safari hii wanawake waliwavika wenzao hijabu, abiria wakagoma kutengana, na mwalimu Salah Farah akakataa kuwaacha Wakristo. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Ndimi zilizofungwa siku ile ziliokoa roho.

Basi mbona leo tunaropoka? Kijana akikosekana nyumbani wiki mbili, picha yake imeshazunguka WhatsApp: "Al-Shabaab huyu." Nani kathibitisha? Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Hata serikali, yenye wapelelezi na mafaili, iliteleza. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa Garissa, ilitoa orodha ya majina 86 iliyowashuku ugaidi. Akaunti za mashirika ya haki za binadamu, Haki Africa na MUHURI, zikafungwa, na hawala za kutuma pesa zinazolisha familia zetu zikafungwa pia. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Mombasa ikayasafisha mashirika hayo mawili. Sembuse wewe na simu yako!

Lakini asidhani mtu nimempa ruhusa ya kuficha. Hapa nisikilizeni, wazee wangu, hata mkikunja nyuso. Mtoto wa kike anabakwa. Mnakaa chini ya mti, mnahesabu ngamia wa fidia, maslaha, yaani suluhu ya wazee, imepita, baba kapokea, jina la mbakaji limezikwa. Wiki ijayo huyo anapita mbele ya madrasa akisalimiwa. Hiyo si sitara! Kusitiri ni kumfunika mja aliyeteleza baina yake na Mola wake, si kumkinga anayewinda watoto wa watu. Suratun Nisaa, aya ya 148, inafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maovu yatangazwe, isipokuwa na aliyedhulumiwa. Aliyedhulumiwa kapewa kauli na Mola wake, nanyi mnamnyang'anya. Na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 40, haikuwaachia wazee uamuzi wa kufuta kesi hiyo. Ngamia mia hawaifuti.

Jina la mshukiwa lipelekwe polisi, litajwe mbele ya hakimu. Jirani mwenye watoto aonywe kimya kimya. Jina la mtoto lisitoke kinywani mwa yeyote, hata kwa huruma. Katika mji mdogo kama huu, ukisema "binti wa fulani" umeshamtaja.

Enyi kina mama, mkimbizeni mtoto hospitali kabla saa 72 hazijapita, na nguo zake msizifue. Enyi wazee, hiyo maslaha ivunjeni. Nanyi vijana, zile picha zifuteni usiku huu.