Rafu ya Mama Mwenye Nyumba

Nahama Mikindani kwenda Likoni, kutoka vyumba viwili hadi kimoja, na vitabu vya dini pekee vimejaza katoni saba. Chumba kipya kinabeba mbili, na feri haina huruma na mwenye mizigo. Riwaya niligawa bila kufikiri. Hivi vya Mungu ndivyo vinavyonipa taabu.

Wengi watakwambia: weka unachosoma. Kwa sheria hiyo Biblia ya marehemu baba ingetoka ya kwanza. Ni Union Version, tafsiri ya 1952 iliyokuja kuchukua nafasi ya ile ya Kimombasa na ile ya Kiunguja. Siifungui, nasoma kwenye simu kama nyinyi. Lakini pembeni mwa kurasa baba aliandika kwa penseli majina ya watu aliokuwa akiwaombea, na mengine ameyapigia mstari. Simu haina hayo. Inabaki.

Nakala za ziada za Tenzi za Rohoni zinakwenda Sunday school. Vitabu vya siri saba za utajiri, sina la kusema.

Zilizochakaa je? Muuza viazi karai hununua karatasi kwa kilo. Rafiki zangu wa kanisani wanasema karatasi ni karatasi, Neno haliko kwenye wino. Nakubali. Ila tunaishi na majirani ambao hawaweki msahafu sakafuni, na ukichakaa huuzika au kuuchoma kwa heshima. Wayahudi wa sinagogi la Ben Ezra, Cairo, walihifadhi chumbani kwa karne nyingi hata barua za biashara, maana huenda zilitaja jina la Mungu. Kwa adabu hiyo leo tunawajua wafanyabiashara waliosafiri kati ya Aden na India. Siamini karatasi ni takatifu. Lakini Zaburi iliyolowa mafuta ya viazi inanikera, na sidhani kero hiyo ni ushamba. Hizo nitazichoma mwenyewe.

Katoni iliyoninyima usingizi ni ya vijitabu vya mihadhara, vile vya kubishana na Waislamu. Baadhi vina hoja. Vingine ni kejeli tupu. "Wape vijana wa kanisa, bro, vitawasaidia," rafiki aliniambia. Lakini kumpa mtu kitabu si kama kumpa shati. Shati halimwambii amdharau jirani. Na nakwenda Likoni, ambako Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani wakati wa ibada ya Jumapili wakaua waumini. Anayetaka kujua dharau inaweza kufika wapi haendi mbali.

Siku ya kulipa depositi, mama mwenye nyumba, Mwislamu, aliniuliza kama nina mizigo mingi.

"Vitabu tu, mama. Vya dini."

"Basi visikae chini, mwanangu, mvua huingia. Ntakutafutia rafu."

Niweke nini juu ya rafu hiyo? Rafiki yangu anasema nachuja imani kwa kumwogopa landlady. Hapana. Kitabu cha hoja naweza kumsomea mbele yake, anijibu, nami nimjibu. Huko si kumvunjia heshima, ni kumchukulia kuwa mtu mwenye akili. Hicho nabaki nacho, hata kama kitatuudhi sote wawili. Cha kejeli hakikuandikwa ili yeye asikie. Kiliandikwa ili sisi tucheke akishapita. Kukigawa ni kualika wengine kwenye kicheko hicho, na ukweli wa Injili haupungui nikikataa. Kwa hivyo vya kejeli vinakwenda motoni, pasipo ibada yoyote.

Isipokuwa kimoja. Kina mistari ya penseli ya baba, na si mistari ya kupinga. Pahali pamoja ameandika "kweli kabisa". Baba huyo huyo ambaye majina ya Waislamu wawili wa Chaani yamo kwenye orodha yake ya maombi. Hicho nimekitia katoni ya kubaki, chini kabisa, na hakitapanda kwenye rafu.