Yule Mama Alifanya Nini?

Kila seli, kabla ya kugawanyika, hunakili DNA yake yote: herufi bilioni 6 hivi, kwa saa chache tu. Kazi kubwa namna hiyo haikosi kukwama. Malighafi hupungua, uzi hukatika. Hapo protini iitwayo ATR hupiga yowe na seli husubiri. Haigawanyiki mpaka kilichokwama kikwamuliwe. Madhara yakizidi, mlinzi mwingine, p53, huisimamisha seli kabisa au huiamuru ife.

Kirusi cha HPV, chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, huvuruga ulinzi huo. Protini yake E7 hulegeza breki, seli ikalazimika kunakili DNA wakati malighafi haitoshi. E6 humwangamiza p53. Seli inakimbizwa huku mlinzi wake hayupo. Makosa hulimbikizana miaka mingi, na mwisho wake huweza kuwa uvimbe.

Nikirudi Kagondo, wazee huniuliza: "Mjukuu wangu, wewe uliyesoma, yule mama alifanya nini hata akapata ugonjwa ule?" Maana yake: alitembea na nani? Kagera tunalijua swali hilo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Lawama ilifika miaka mingi kabla ya dawa.

Ningeweza kujibu kwamba HPV huwapata watu wengi sana, na kwamba mke aliyetulia huweza kukipata kwa mumewe. Ni kweli. Lakini nikimtetea hivyo, nimekubali kimyakimya kwamba asiyetulia anastahili saratani. Hilo silikubali. Kirusi hakihukumu mtu, na seli iliyonyang'anywa mlinzi wake haikuchagua kuasi.

Wenye uwezo wa kuchagua ni sisi. Tangu 2018 chanjo ya HPV hutolewa nchini kwa mabinti. Mlango wa kizazi hupakwa siki nyepesi, na dalili za awali zikionekana hutibiwa kabla hazijawa saratani. Anayejua kwamba kijiji kitamuuliza alifanya nini, huchelewa kwenda kupimwa. Kwa hiyo swali letu lenyewe linashiriki kuua.

Siku hizi wazee wakiniuliza, nami huwauliza: mabinti wa nyumba hii wamechanjwa? Mama zao wamepimwa?