Karama Yetu Inamtumikia Nani?

Sisi tunaosanifu tovuti tuna kishawishi kimoja: kutaka kila mtu aseme, "Aliyeitengeneza hii ni fundi kweli." Tunajaza rangi, vitufe na picha zinazocheza, halafu mkulima wa korosho wa Mpapura, mwenye simu ndogo na bando la kuhesabia, anasubiri ukurasa usiofunguka. Je, kipaji hicho kimemtumikia nani?

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, haikudai simu ya gharama. Mtu alifuata orodha fupi ya maneno, akabonyeza namba, na fedha zikamfikia mama yake kijijini. Nabii Habakuki naye aliagizwa kuuandika ujumbe kwenye vibao kwa namna ambayo msomaji hatakwama. Uwazi, basi, ni sura mojawapo ya upendo.

Wengine husema urahisi unaua ubunifu. Lakini mchongaji wa Kimakonde haushurutishi mpingo. Huufuata ulivyojipinda, na hapo ndipo ubunifu wake huonekana. Mpingo wetu ni maisha ya jirani: macho yake, lugha yake, mfuko wake.

Kwa hiyo tusipime kukua kwetu kwa sifa. Tuketi karibu na anayeitumia kazi yetu, tumtazame anapokwama bila kumlaumu, kisha tufute hata tulichokipenda. Kufuta huko kunaiuma nafsi. Lakini Mungu hakutupa karama ili tuonekane sisi, bali jirani afike anakokwenda.