Kamoya Kimeu Hakuongozwa na Simu

"Mjomba, tumemaliza?" Mpwa wangu aliniuliza hivyo Jumamosi iliyopita tukiwa mbele ya mifupa ya Kijana wa Turkana, na mpaka leo swali hilo halijanitoka. Hakuuliza kwa dharau. Ni kijana mwenye adabu, anasoma chuo kikuu, na ni yeye aliyependekeza twende Jumba la Makumbusho la Nairobi. Aliuliza kwa sababu orodha ya vitu vya kutazama iliyokuwa kwenye simu yake ilikuwa imefika mwisho.

Tulitoka nyumbani Mountain View, tukapanda matatu ya Kangemi pale Waiyaki Way, tukashuka Museum Hill. Barabara ni moja, na mtoto wa darasa la nne angefika bila kuuliza. Kijana hata hivyo alikuwa na simu mkononi njia nzima, na tulipoingia ndani akafungua apu ya kumwongoza kutoka chumba hadi chumba. Pale uani ipo sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu, ambaye Mzee Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970. Mpwa wangu alisimama chini ya pembe hizo akijigeuza huku na huku. Wala hakumwona Ahmed. Alikuwa akingoja kile kitone cha buluu kitulie kwenye ramani.

Hakikutulia, na sababu yake inajulikana. Mawimbi ya setilaiti yanayotuonyesha njia barabarani hutufikia yakiwa dhaifu, na yakikutana na kuta za zege huvurugika. Majumba yaliyotaka ramani za ndani yalilazimika kutafuta mbinu nyingine. American Museum of Natural History, kule New York, walitoa apu yao mwaka 2010, ikitumia mitambo ya wifi kukisia mgeni amesimama wapi na kumwelekeza kwa dinosaria, kwa nyangumi, au chooni. Lile ni jumba la majengo mengi yaliyounganishwa, na mtu anaweza kupotea humo akahangaika. Kule ramani ina kazi ya kufanya.

Letu si la namna hiyo. Lilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la gavana Coryndon, likapanuliwa na kufunguliwa upya mwaka 2008, na bado unaweza kulizunguka kwa miguu yako bila kuchoka. Ukipotea katika ukumbi wa mamalia utajikuta kwa ndege. Ukiwapotea ndege utaangukia chimbuko la binadamu. Nani ataliita hilo hasara? Alichokuwa akitafuta mpwa wangu, basi, hakikuwa njia. Alitaka kuambiwa ni vitu gani vya lazima, avipitie, aondoke akiwa na uhakika kwamba hakuna alichokosa.

Hapo ndipo roho yangu ilipouma, maana tulikuwa tumesimama mbele ya ushahidi mkubwa kabisa dhidi ya mwendo huo.

Mnamo Agosti 1984 Kamoya Kimeu, mtafutaji wa mifupa ya kale, alikuwa kambini karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ilikuwa siku ya mapumziko. Wenzake walikuwa na shughuli zao, naye akaamua kutembea kidogo kwenye mteremko ambao hakuna aliyeutilia maanani. Ardhi ilijaa kokoto nyeusi. Katikati ya kokoto hizo akaona kipande kidogo cha mfupa, rangi yake karibu sawa na ya mawe yaliyokizunguka. Kilikuwa kipande cha fuvu. Kamoya, mzaliwa wa Makueni ambaye shule aliipata kidogo tu, alikitambua palepale. Watafiti Richard Leakey na Alan Walker pamoja na kikosi kizima wakachimba, wakachekecha mchanga, wakarudi msimu baada ya msimu, hadi kikapatikana kiunzi cha mifupa karibu kizima cha kijana aliyefariki yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, ndiye huyu Kijana wa Turkana. Mwaka 1985 Kamoya alikabidhiwa nishani ya National Geographic katika Ikulu ya Marekani. Alifariki mwaka 2022.

Yule mzee hakuongozwa na mshale wowote. Aliongozwa na macho yaliyozoea kutazama chini kwa subira, na miguu isiyokuwa na haraka. Ule mteremko haukuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Sasa tumemweka Kijana wa Turkana ndani ya chumba, kisha tunakuja kumtazama kwa namna ambayo isingetuwezesha kumpata.

Na ukitulia mbele yake, kuna mengi ya kuona. Tazama urefu wa mifupa ya miguu. Huyu alikuwa mtembeaji kama sisi. Tazama taya, ambapo wataalamu waliona dalili za ugonjwa mahali jino la utotoni lilipong'oka. Mtoto aliyeumwa na jino! Mzazi yeyote aliyewahi kukesha na mtoto wa namna hiyo atasimama pale kwa muda. Apu ilikuwa imemwambia mpwa wangu jina, umri na mahali alipopatikana, kisha ikamwonyesha kinachofuata.

Najua kuna msomaji anayesema huyu ni mtu wa zamani anayeogopa mitambo. Namjibu kwa heshima: siogopi. Asiyeona anahitaji sauti ya kumsimulia kilicho mbele yake, na asiyesikia anahitaji maelezo kwa lugha ya ishara. Simu inaweza kuwapa yote mawili, na tumechelewa kuwapa. Anayeishi Lodwar hawezi kuja Nairobi kila akitamani, hivyo nilifurahi mwaka 2019 wakati Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yalipoungana na Google kuweka mtandaoni picha na masimulizi ya jamii zetu. Wala wazo la chombo cha kumsimulia mgeni si geni: Stedelijk Museum, Amsterdam, walianza kuwapa wageni maelezo kwa njia ya redio mwaka 1952.

Msomaji huyo ataniuliza tena: asiye na wa kumweleza afanyeje, azunguke akiwa gizani? Hapana. Atafute mwelekezi. Wapo pale, wengi wao vijana, na ukimpata anayeipenda kazi yake atakusimulia habari za Ahmed hadi usahau njaa. Unaweza kumuuliza swali la kipumbavu naye akalijibu. Akiona mtoto ameganda mbele ya chatu, hamsukumi; anangoja, kisha anaongeza neno. Chombo kilichotengenezewa mbali hakimjui mtoto huyo, na mara nyingi hata Kiswahili chake hakikijui.

Pengine mimi na mpwa wangu hatutakubaliana, na ana haki ya kuzunguka jumba lile apendavyo. Lakini msimamo wangu ni huu. Mzunguko wa kwanza ufanywe na simu ikiwa mfukoni. Wa pili, atakaye kujua zaidi aitoe, asome, asikilize. Na wale wanaopanga kutuundia apu ya makumbusho yetu waandike kwa Kiswahili fasaha, walitaje jina la Kamoya Kimeu kabla ya majina ya waliochapisha vitabu, wasiweke mshale wa kumwondoa mtu mbele ya kitu anachokitazama, na kabla ya kumlipa mtengenezaji wa programu wawalipe vizuri waelekezi.