Joto la Mikono ya Mbali

Kama ulipo kuna baridi, jifunike vizuri, maana leo tunazungumza kuhusu skafu.

Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, Msalaba Mwekundu uliwaomba raia wafume soksi, sweta na skafu za askari waliokwenda Ulaya. Walifuma akina mama, walifuma watoto shuleni, walifuma hata wazima moto wakisubiri kengele. Kondoo waliolishwa kwenye uwanja wa Ikulu ya Rais Woodrow Wilson walikatwa sufu, ikapigwa mnada ili kuuchangia Msalaba Mwekundu. Na kule kwenye mahandaki ya Ufaransa, soksi kavu haikuwa pambo: mguu ukilowa siku nyingi huoza.

Kazi hiyo haijakoma. Tangu 2003, shirika la Operation Gratitude, lililoanzishwa California, hupeleka vifurushi kwa askari walio mbali na kwao, na ndani yake hutiwa skafu zilizofumwa na watu wasiowajua kabisa. Itazame moja kwa karibu. Hapa uzi umekazwa, pale umelegea. Labda mfumaji alichoka, labda aliitwa jikoni. Alama hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote, kwani inaonyesha kuna mtu aliyeketi saa nyingi akikuwaza.

Msikilizaji, kama una jirani ambaye mwanawe yuko mbali kwenye ulinzi wa amani, mbishie hodi leo. Muulize habari za mwanawe, na umtaje kwa jina.