Nani Anaingia Mezani?



Kuna kijana wa VIWAWA aliniuliza: mtu mzima, tena frateri, anakaaje likizo nzima anatengeneza treni ya makopo? Si muda wa Mungu huo unapotea?

Sehemu ya kwanza ya swali ni rahisi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwenye Summa yake, aliuliza kabisa kama katika michezo kunaweza kuwa na fadhila, akajibu ndiyo, kwa sababu roho nayo huchoka kama mwili. Anakumbusha hadithi ya upinde: ukiuvuta siku zote bila kuulegeza, utavunjika. Basi, hilo limeisha. Kilichonisumbua mimi ni kitu kingine, nacho kilitoka kwa bibi.

Nyumbani ni Igalula, kwenye Reli ya Kati. Likizo hii mimi, wadogo zangu, binamu na rafiki zake wawili tuliamua kuijenga stesheni yetu juu ya meza kubwa uani. Ardhi ni udongo wa kichuguu, mataruma ni vijiti, reli ni waya, kichwa cha treni ni kopo la samaki, magurudumu ni visoda. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1000; ya mezani tukaipa sentimita 4, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 25. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwa kipimo hicho, reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kilomita kama 1,250, ingekuwa na urefu wa kilomita 50! Meza yetu ina mita 3. Zidisha kwa 25 upate mita 75, hata treni moja ya abiria haienei. Kwa hiyo lazima uache vitu. Huwezi kujenga ulimwengu mdogo bila kuamua nani anaingia na nani anabaki nje.

Binamu aliamua haraka: reli, jengo, tangi la maji, mwembe. Bibi akaja na kigoda chake, akatazama weee, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, hii ni stesheni gani isiyo na watu? Mimi niliuza asali hapo miaka yote ile. Nimekaa wapi?"

Binamu akacheka. "Bibi, watu ni wagumu kutengeneza."

Jibu hilo lina uzito kuliko yeye anavyodhani. Ukisimama juu ya meza unaona vyote kwa mara moja, vimenyooka, vimetulia. Watu wanaharibu mpangilio. Wanasimama pasipotakiwa, wanaweka ndoo karibu na reli, wanagombania wateja. Kila mpangaji ana kishawishi hicho, awe wa mezani au wa ofisini.

Na historia ya kwetu inakijua. Kabla ya treni, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka Ujiji ilitegemea mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Na wapo waliopitishwa humo wakiwa watumwa. Wajerumani walianza reli Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mzigo uliotembea miezi ukaenda kwa siku. Sawa, nani anataka mtu abebe tena pembe za ndovu begani? Sitetei mateso. Lakini tukisimulia habari ile tunataja injini na miaka, halafu mpagazi aliyeamka asubuhi akakuta kazi yake imekwisha hatumuulizi alikwenda wapi.

Papa Paulo wa Sita, katika waraka wa Populorum Progressio wa 1967, alisisitiza kwamba maendeleo ya kweli ni ya mtu mzima na ya kila mtu. Hapo kwenye "kila mtu" ndipo pagumu. Utaniambia: ukingoja kila mmoja aridhike, reli haitajengwa. Ni kweli. Ila kumwambia mtu hapana baada ya kumtazama usoni ni jambo moja, na kutomwona kabisa ni jambo jingine. Tena sisi Wakristo tuna sababu ya ziada. Mungu, ambaye kweli angeweza kututazama kutoka juu, alishuka akazaliwa safarini, mahali ambapo hapakuwa na nafasi. Aliingia mezani, jamani.

Basi tukafinyanga watu, siku mbili nzima. Mama wa karanga, kijana wa mahindi ya kuchoma, stesheni masta, na mpagazi mmoja chini ya mwembe japo zama zake zilishapita. Bibi aliikataa sanamu yake ya kwanza, eti tumemnenepesha.

Umebaki ugomvi mmoja. Treni za umeme za reli ya kisasa, ile ya milimita 1435, zimeanza kwenda Dodoma tangu 2024, na ujenzi unakuja Tabora. Binamu anataka ya kwake ipite mezani bila kusimama stesheni ndogo. Nikamwambia sawa, ipitishe, ila kwanza useme mama wa asali anahamia wapi. Mpaka narudi seminarini alikuwa bado ameshika rula.